Barua ya Wazi kwa Kamishna Mkuu wa Haki za Binadamu wa Umoja wa Mataifa

Mheshimiwa Kamishna Mkuu,

Nakuandikia kuhusu mashtaka ya uchochezi. Katika nchi nyingi yamekuwa wavu unaonasa dagaa na kuwaachia papa: aliyemtukana waziri analala rumande, na mkubwa aliyesimama jukwaani akataja watu wa kufukuzwa analala kwake.

Mkataba wa Kimataifa wa Haki za Kiraia na Kisiasa wa mwaka 1966 unalinda uhuru wa maoni katika ibara ya 19. Ibara ya 20 inataka sheria ikataze kueneza chuki ya kitaifa, ya rangi au ya dini inayochochea ubaguzi, uhasama au ukatili. Chuki peke yake, basi, haitoshi. Mwaka 2012 Mpango wa Utekelezaji wa Rabat, uliotokana na kazi ya ofisi yako, uliweka vigezo sita vya kupima kama maneno yamefikia uchochezi: mazingira, msemaji, nia, maudhui na namna yalivyotolewa, upana wa kuenea, na uwezekano wa madhara. Hicho cha mwisho ndicho kinachorukwa.

Tazama kesi ya mwanamuziki Simon Bikindi mbele ya Mahakama ya Kimataifa ya Jinai kwa Rwanda, kule Arusha. Waendesha mashtaka walileta nyimbo zake. Majaji waliona baadhi zilichochea chuki ya kikabila, lakini hawakumtia hatiani kwa nyimbo hizo. Kilichompa kifungo cha miaka 15, Desemba 2008, ni maneno aliyoyasema mwishoni mwa Juni 1994, wakati wa mauaji ya kimbari, kwenye barabara ya kati ya Kivumu na Kayove nchini Rwanda. Akiwa na kipaza sauti garini, katika msafara wa Interahamwe, wanamgambo wa Kihutu, aliwahimiza Wahutu wawamalize Watutsi waliobaki. Wakati wa kurudi akauliza kama wameshauawa. Waliokuwa tayari kuua walikuwa wanamsikia. Hayo si maoni tena.

Sasa chukua mtu anayeandika kwamba serikali ni ya wezi na ing'oke. Ni maneno makali, pengine hata si ya haki. Lakini nani kaambiwa amdhuru nani? Hati ya mashtaka isiyoweza kujibu hilo haifai kufika mahakamani.

Wala sikubaliani na wanaotaka tusubiri damu imwagike kwanza. Rabat inasema wazi kwamba uchochezi ni kosa hata kama aliyechochewa hakutenda.

Ninachoomba ni hiki. Nchi inapopeleka taarifa yake Geneva, ofisi yako isiridhike na idadi ya waliokamatwa. Iulize kila kesi ilipimwaje kwa vigezo hivyo sita, na ni wenye madaraka wangapi walioshtakiwa. Na walio rumande kwa kuikosoa serikali tu, dai waachiwe sasa, bila kungoja majibu hayo.

Kwa heshima,
Raia