Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti kwa Wakulima wa Matufaha, Makete

Ndugu wanachama,

Nawashukuru mliofika. Mafunzo ya kupogoa yalifanyika, kitalu kilipaliliwa, kamati ilikutana kama katiba inavyotaka, matunda yaliuzwa. Hayo mnayajua.

Nizungumzie miche, maana maneno yamekuwa mengi na mengine yanasemwa vilabuni badala ya kikaoni. Kamati chini ya uongozi wangu iliamua kununua aina za matufaha ziitwazo Anna na Dorsett Golden, siyo aina ya Red Delicious waliyoitaka wengi, na fedha iliyobaki ikanunua vipimajoto. Uamuzi huo nausimamia hadi leo.

Mtufaha hulala wakati wa kipupwe, na hauamki vizuri mpaka upate baridi yake. Baridi hiyo huhesabiwa kwa saa ambazo joto liko kati ya nyuzi 0 na 7 hivi. Aina nyingi za Ulaya, na Red Delicious pia, hudai saa 800 hivi na zaidi. Anna hutosheka na 200 hadi 300. Usiku wa Juni na Julai hapa kwetu unauma kweli, lakini jua likishapanda baridi inakwisha, na joto la mchana hufuta sehemu ya kilichopatikana usiku. Tazameni miti ya zamani pale nyuma ya ghala, isiyotosheka na baridi yetu: tawi limenyooka kama fimbo, majani kidogo nchani, katikati macho (vichipukizi) yamelala. Ua moja leo, mawili wiki ijayo, mpaka mvua za Novemba zinayakuta. Matunda hayaivi pamoja, mnunuzi hajazi gari.

Dorsett nayo imeitwa hasara. Anna haizai vizuri kwa chavua yake yenyewe. Dorsett huchanua nayo wakati mmoja na kuipa chavua. Waliong'oa Dorsett wakapanda viazi wasije kuilaumu kamati.

Na vipimajoto? Baridi ikishatimia, joto la Agosti na Septemba ndilo linaloamua maua yatoke lini. Ufaransa, mwaka 2021, joto la mwisho wa Machi liliamsha mizabibu na miti ya matunda mapema, kisha sakitu, yaani baridi inayogandisha, ya Aprili ikaunguza machipukizi. Sisi tunaoijua sakitu tupime joto, tusibahatishe. Niliagiza joto liandikwe kila asubuhi. Daftari lililojaa ni la katibu peke yake.

Mahudhurio yananisikitisha. Wanachama ni 74, waliolipa ada 29, na ada isiyolipwa ni shilingi 450,000. Kikao cha kupanga zamu za kupukutisha majani kwa mkono, kazi inayosaidia macho kuamka kwa pamoja, kiliahirishwa mara mbili kwa kukosa akidi. Walionilaumu kuhusu miche hawakuwepo hata mara moja.

Mwaka ujao, Mungu akijalia, tunatarajia kupanua kitalu, kutafuta mizinga ya nyuki na kupata soko la uhakika. Mhazini yuko mlangoni na kitabu cha stakabadhi, tafadhali msimpite.