Barua kwa wadogo zangu wa netiboli ya Jumamosi

Wadogo zangu wapendwa,

Jumamosi iliyopita nilikaa chini ya mwembe pale uwanja wa shule nikawatazama. Mlikuja kumi na wanne, timu mbili kamili, wengine na suruali za mazoezi, wengine na dera na kibwebwe juu yake. Filimbi ilipolia mkacheza kwa kutembea, bila mbio, vizuri kabisa. Kisha mpira ukapotea pembeni, watatu mkaukimbilia, na mmoja akaruka kuudaka kama alivyokuwa akiruka akiwa na miaka ishirini. Akatua salama, alhamdulillahi. Lakini moyo ulinipaa, na tangu siku ile nina neno la kuwaambia.

Nina miaka 69. Netiboli nimeianza shule ya msingi, nikaicheza kazini, Mei Mosi na SHIMIWI, michezo ya watumishi wa wizara na idara za serikali, siku zote nikiwa GD, mlinzi wa goli. Nilipostaafu nikaacha, kama mlivyoacha ninyi. Miaka minne baadaye nikaitwa kwenye bonanza, wamama tukapangwa na mabinti. Hakuna aliyeuliza habari za afya zetu, hata misuli hatukupasha moto. Nikaifukuzia pasi, nikaidaka, mguu ukaganda chini, mwili ukaendelea kuzunguka. Miezi mitano niliswali nimekaa kwenye kiti.

Hapo ndipo penye hatari ya mchezo wetu, na tulipokuwa wasichana hatukuiona. Ukidaka mpira wa pete huruhusiwi kwenda nao. Aliyekuja mbio inabidi avunje mwendo palepale, na uzito wote unalishukia goti moja. Ukiwa unatembea, uzito huo haukusukumi. Ndiyo maana Waingereza, ambao mchezo ulianzia kwao, wametunga netiboli ya kutembea: hakuna kukimbia, hakuna kuruka, mguu mmoja lazima uwe chini wakati wote. Mchezaji ana sekunde 4 za kukaa na mpira badala ya 3, na anaongezewa hatua moja baada ya kudaka, apate kusimama bila kujigonga. Pete iacheni palepale ilipo, mita 3.05. Mikono yetu bado inafika.

Najua wapo miongoni mwenu wanaoona kutembea ni kucheza nusu. Mtazameni yule mkubwa wenu, GS, yaani mfungaji, wa upande wa barabarani. Saa nzima sidhani kama alitoka nje ya duara la kufungia. Anachofanya ni kumsoma mlinzi: anamwegemea kidogo kushoto, mlinzi anafuata, naye anapiga hatua moja ya kulia na mkono tayari uko hewani kuomba mpira. Alifunga tisa. Mbio zikiondolewa ndipo akili ya mchezo inapoonekana, na akili hiyo mnayo, hamkuiacha kazini mlipokabidhi ofisi.

Mtu ataniuliza kwa nini asitembee tu barabarani peke yake alfajiri. Atembee, ni jambo jema. Shirika la Afya Duniani linatutaka watu wazima tupate angalau dakika 150 za mazoezi ya wastani kwa wiki, na za barabarani zimo. Lakini kwa sisi tuliopita miaka 65 wanaongeza mazoezi ya nguvu na ya kujimudu usianguke, siku tatu au zaidi kwa wiki. Barabara ni kwenda mbele tu. Uwanjani unakwenda ubavu, unarudi nyuma, unageuka, unanyoosha mkono huku umesimamia mguu mmoja. Huo ndio mwili unaouhitaji usiku unapoamka kwenda msalani na sakafu ina maji. Hedhi ikishakoma mifupa yetu inapungua nguvu, na nyonga ikivunjika uzeeni huenda mtu asisimame tena sawasawa. Tena barabarani ukikosa kwenda hakuna anayejua. Hapa senta akishika mpira akaangalia WA, winga wa kushambulia, hayupo, jioni utapigiwa simu.

Sasa la kike, na naliandika wazi kwa sababu najua ndilo lililowarudisha wawili nyumbani mapema. Mkojo kuponyoka ukikohoa au ukigeuka ghafla unawapata wengi tuliozaa. Usiufanye siri ya kukufungia ndani. Bana misuli ile kama unayezuia mkojo, hesabu mpaka tano, achia, rudia mara kumi, kila siku, hata ukiwa jikoni. Inataka wiki nyingi, vumilia. Isipotulia, nenda kituo cha afya ukaseme hivyohivyo. Na kitambaa ukivaa, vaa, ucheze.

Wenye presha na sukari wamwambie daktari kabla ya kuendelea. Mwenye sukari asije na njaa, na awe na kitu kitamu mfukoni. Anayesikia kifua kinabana atoke nje ya uwanja hapohapo, asisubiri robo ya mchezo iishe. Robo zenyewe zipunguzeni, dakika 15 za wasichana ni nyingi mno kwa jua letu, saba zinatosha.

Kuhusu maneno ya watu, kwamba bibi mzima anarusha mpira mbele ya wajukuu: kule Limpopo, Afrika Kusini, mwaka 2007 Beka Ntsanwisi aliwakusanya mabibi wakacheza soka, na jina la timu, Vakhegula Vakhegula, maana yake ni hiyohiyo, mabibi. Walichekwa kijijini. Mwaka 2010 walikuwa Marekani, uwanjani, kwenye mashindano ya maveterani. Wao wanapiga soka, mpira wa miguu! Sisi tunaona haya na mpira tuliofundishwa shuleni?

Jumamosi hii njooni saa kumi na moja na nusu jioni, jua likishalegea. Dakika kumi za kwanza ni za kupasha misuli, na mlango wa mchezo unafungwa kwa asiyepasha. Goti langu haliniruhusu tena nafasi ya GD, kwa hiyo filimbi nitaishika mimi. Atakayekimbia, mpira unakwenda upande wa pili, hata kama alikuwa amebaki yeye na pete.

Ni mimi dada yenu mkubwa.