SUV mpya ya bei nafuu au kubwa iliyotumika? Hesabu tunayoifanya na mteja kabla hajalipa

Wateja wengi wanaotuletea gari tulikague kabla ya kulinunua huwa wanasita kati ya magari mawili ya bei moja. La kwanza ni SUV ndogo mpya, toleo la chini kabisa, bado ina nailoni kwenye viti. La pili ni SUV kubwa zaidi, ina viti vya ngozi na injini yenye nguvu, ila imeshatembea miaka minne au mitano mikononi mwa mtu mwingine. Wanatuuliza wachukue lipi. Jibu letu huanza na swali: unapanga kukaa na gari hili miaka mingapi?

Swali hilo ndilo linaloamua, kuliko jina la gari na kuliko maneno ya muuzaji. Tuonyeshe kwa hesabu ya mfano. Chukua bei ya gari jipya kuwa 100. Tuseme baada ya miaka mitano litauzika kwa 50, kwa kuwa gari hupoteza thamani kwa kasi zaidi mwanzoni, hasa mwaka wa kwanza. Umepoteza 50, yaani 10 kila mwaka. Sasa mwenzako amenunua gari la aina hiyohiyo likiwa na miaka mitatu, kwa 60, akaliuza miaka mitano baadaye kwa 30. Yeye amepoteza 30, yaani 6 kwa mwaka. Tofauti yenu ni 4 kwa mwaka, jumla 20. Hiyo 20 ndiyo akiba ya matengenezo ya mwenye gari lililotumika. Akibadilisha tairi, breki, bushi na shokoabsoba tu, bado amekuzidi. Giaboksi ikifa, sehemu kubwa ya akiba imekwenda.

Refusha muda uwe miaka kumi. Gari jipya limetoka 100 hadi, tuseme, 25: umepoteza 7.5 kwa mwaka. Lililotumika limetoka 60 hadi 15: 4.5 kwa mwaka, lakini sasa lina miaka kumi na mitatu na miaka ya mwisho imekula spea nyingi. Pengo limepungua. Ndiyo maana tunamwambia mteja waziwazi: ukiwa mtu wa kubadilisha gari kila baada ya miaka mitatu, SUV mpya ya bei nafuu ni njia ya kupoteza fedha. Ukiwa mtu wa kununua gari na kukaa nalo hadi lichoke, jipya lina maana kubwa, maana utajua kila oili iliyomwagwa ndani ya injini ile tangu siku ya kwanza.

Kama unakopa, ongeza riba kwenye hesabu. Mara nyingi mkopo wa gari jipya huwa na riba ndogo kuliko wa gari lililotumika, na tofauti hiyo peke yake inaweza kugeuza jibu. Bima nayo iulizie kwa magari yote mawili kabla ya kuamua.

Kosa tunaloliona zaidi ni kulinganisha bei ya kununua na kusahau bei ya kutunza. SUV kubwa iliyoshuka thamani hadi ikafikia bei ya ndogo mpya, spea zake hazikushuka nayo. Diski za breki bado ni zile kubwa, tairi bado ni za rimu pana, springi za hewa kama inazo bado zinauzwa kwa bei ya gari la kifahari. Injini bado inakunywa mafuta yaleyale. Mteja anayeweza kununua gari hilo kwa shida hawezi kulitunza, na gari la aina hiyo likikosa matunzo mwaka mmoja, mwaka wa pili linadai yote kwa pamoja.

Unafuu wa gari jipya umetoka wapi

SUV nyingi za bei ya chini zimejengwa juu ya msingi wa gari dogo la kawaida, likainuliwa. Dacia Duster, iliyoingia sokoni mwaka 2010, ni mfano mzuri. Msingi wake ni wa familia moja na Logan ya 2004, gari lililotengenezwa baada ya Renault kuichukua Dacia mwaka 1999. Mitambo iliyokwisha kujaribiwa kwenye gari moja ikatumika kwenye jingine. Sisi mafundi hatuna tatizo na mpango huo. Mara nyingi unatupa gari rahisi kufungua na spea zinazoingiliana.

Ila elewa unachopata. Kuwa juu hakumaanishi magurudumu yote manne yanavuta. Toleo la bei ya tangazo karibu kila mara huvuta mbele tu, lina injini ndogo ya pistoni tatu au nne, na breki za ngoma nyuma. Breki za ngoma usiziogope: kazi kubwa ya kusimamisha gari hufanywa na za mbele. Rimu za chuma na tairi nene nazo ni faida, zinavumilia shimo na ni rahisi kubadilisha. Plastiki ngumu ndani na kelele za upepo ni suala la kuzoea. Kinachotupa wasiwasi ni injini ndogo yenye tabo, kifaa kinachoisukumia hewa ili iwe na nguvu zaidi, ikibebeshwa watu watano na mizigo kila siku. Hiyo inataka oili sahihi na kwa wakati, bila kuchelewesha. Pia ile giaboksi inayojiendesha lakini kwa ndani ni ya kawaida yenye klachi, mashine ikikubonyezea klachi: ijaribu kwenye mlima na foleni kabla ya kusaini, kwa kuwa inavyojikata kati ya gia na gia watu wengi hawaizoei.

Usalama ndipo tunapokaza uzi. Nyota za majaribio ya kugonga hutolewa kwa gari la soko fulani, mwaka fulani, likiwa na vifaa fulani. Duster ilipata nyota tatu kwa Euro NCAP, wapimaji wa usalama wa magari wa Ulaya, mwaka 2017. Mwaka 2021 Latin NCAP, wenzao wa Amerika ya Kilatini, wakaipima Duster ya soko lao, kwa vigezo vyao, ikapata sifuri. Kwa hiyo nyota ulizoziona kwenye video huenda si za gari lililo mbele yako. Uliza mambo matatu kwa maandishi: mifuko ya hewa mingapi na iko wapi, kama kuna mfumo wa kuzuia gari kuteleza, na kama nyota zinazotangazwa ni za toleo hilohilo.

Mfumo huo wa kuzuia kuteleza, unaofunga breki ya gurudumu mojamoja gari linapoanza kuyumba, ni lazima kwa magari mepesi ya Marekani, SUV zikiwemo, tangu modeli za 2012, na kwa magari yote mapya Umoja wa Ulaya tangu Novemba 2014. Gari refu kwenda juu linauhitaji kuliko saluni, kwa kuwa uzito wake umekaa juu. Matokeo yake ni kwamba gari lililotumika, lililotengenezwa kwa ajili ya soko lenye sheria kali, linaweza kuwa salama kuliko jipya lililopunguzwa vifaa ili bei ishuke. Tungekuwa tunamnunulia mtoto wetu, tungechagua lile lililotumika lenye mfumo huo kuliko jipya lisilo nao. Hapo hatuna mjadala.

Na dhamana? Ni sababu ya kweli ya kununua jipya, lakini isome. Huhesabiwa kwa miaka au kilomita, chochote kitakachotangulia. Haigusi vitu vinavyolika kama pedi za breki, klachi, tairi na waipa. Na inataka sevisi zifanyike kwa ratiba na kumbukumbu ziwepo. Ukiruka sevisi moja ili kubana matumizi, umeipa kampuni sababu ya kukataa dai lako.

Gari lililotumika linasema ukweli wake wapi

Mita ya kilomita ni kitu cha mwisho tunachokiamini. Tunaanza na tairi. Ubavuni kuna namba nne za mwisho za alama ya DOT: 2321 maana yake tairi lilitengenezwa wiki ya 23 ya mwaka 2021. Kama gari ni la 2019, mita inasoma kilomita chache sana, na tairi zote nne zimetengenezwa miaka mitatu baadaye, basi tairi za kwanza zilikwisha. Zilikwisha kwa kilomita zipi? Kisha tunatazama mpira wa pedali ya breki, usukani, na pembe ya kiti cha dereva upande anaoingilia. Kisha mikanda ya usalama: tunaivuta hadi mwisho. Gari lililozama hufutwa vizuri kila mahali, lakini mstari wa tope hubaki kwenye sehemu ya mkanda iliyojificha ndani ya nguzo, na kutu hubaki kwenye bolti za chini ya viti.

Rangi tunaipima kwa kifaa. Unene wa rangi ya kiwandani kwa kawaida huwa kati ya maikroni (sehemu ya elfu ya milimita) 80 na 150 hivi. Tukikuta mlango mmoja una 400, pale pamepigwa pati, na tunahamia kwenye chesisi na nguzo kuona kama mgongano ulifika ndani. Mlango uliokwaruzwa ukapakwa rangi upya hautuzuii kukushauri ununue. Nguzo iliyonyooshwa inatuzuia.

Mashine ya kusoma kompyuta ya gari nayo ina siri moja ambayo wauzaji wengi hawaijui. Mtu akifuta makosa, kwa mashine au kwa kutoa betri, ili taa ya injini izimike siku ya kuuza, majaribio ya ndani ya kompyuta hurudi mwanzo na huonekana hayajakamilika mpaka gari litembezwe vya kutosha. Kwa hiyo tunapokuta hakuna kosa hata moja lakini majaribio mengi hayajakamilika, tunamuuliza muuzaji betri ilitolewa lini na kwa nini.

Jambo jingine ambalo wanunuzi husahau ni magari yaliyoitwa kiwandani. Mifuko ya hewa ya Takata, ambayo kilipuzi chake kiliharibika kwa joto na unyevu kiasi cha kurusha vipande vya chuma, ilifanya makumi ya mamilioni ya magari ya kampuni nyingi kuitwa yarekebishwe, na kampuni hiyo ikafilisika mwaka 2017. Baadhi ya magari hayo yameuzwa mara mbili tatu bila kurekebishwa. Namba ya chesisi, ambayo kwa magari mengi ina tarakimu na herufi 17, ndiyo inayotumika kuulizia, na tunaiulizia kwa kila gari.

Ukaguzi una mipaka yake, na tunaisema kabla hujalipa. Hatuwezi kuona ndani ya giaboksi bila kuifungua. Tunachoweza ni kuangalia oili yake, rangi na harufu, kuiendesha ikiwa baridi na ikiwa moto, na kusikiliza inapoongezwa kasi. Giaboksi ya mkanda, isiyo na gia za hatua, ikitetemeka kidogo wakati wa kuondoka, tunakushauri uliache gari hilo hata kama kila kitu kingine ni kizuri.

Tunachokipendekeza mara nyingi ni gari la katikati: lenye miaka miwili hadi minne, la daraja lilelile la SUV ndogo uliyotaka kuinunua mpya, lenye daftari la sevisi lisilo na mapengo, na ikiwezekana dhamana ya kiwandani ikiwa bado inaendelea na inahamishika. Aliyelinunua kwanza ameshabeba mteremko mkali wa bei. Usipolipata lenye kumbukumbu za kueleweka, na unapanga kukaa nalo miaka minane au zaidi, nunua jipya, ukishahakikisha usalama wake.

Ukitaka tulikague, mwombe muuzaji asiliwashe gari asubuhi hiyo. Tunataka kuisikia injini inapowaka ikiwa baridi, kwa kuwa mlio wa cheni ya taiming iliyolegea na moshi wa bluu wa sili za valvu hujitokeza katika sekunde za mwanzo na kisha kupotea. Ukifika kwa muuzaji ukakuta boneti tayari ni ya moto, muulize alikuwa anaenda wapi, kisha mpange siku nyingine.