Wahudumu wetu wa mifugo si vishoka

Mhariri,

Gazeti lako nimelisoma tangu enzi za kulisubiri lishuke na basi la mchana, na miaka yote hiyo sijawahi kukuandikia. Lakini ile habari yenu ya vishoka wa mifugo, yaani watu wanaojifanya wataalamu, yenye picha ya kijana mwenye begi mgongoni amemshika ng'ombe pembe, imenikera mno. Mwandishi wenu amewatia kapu moja matapeli wanaouza maji kwenye chupa za dawa na wahudumu wa afya ya mifugo wa vijijini, watu waliochaguliwa na mkutano wa kijiji, wakapewa mafunzo, na wanaofanya kazi chini ya bwana mifugo wa kata. Huku Kibosho, kwenye miteremko ya Mlima Kilimanjaro, habari hiyo ilisomwa kwa sauti pale tunapopeleka maziwa asubuhi. Mhudumu wetu alikuwapo. Aliondoka bila kuaga.

Nani kamwambia mwandishi kwamba kazi ya mhudumu ni kudunga sindano? Kazi yake kubwa hufanyika kabla sindano haijahitajika. Sisi tunafugia bandani, ng'ombe wawili watatu kando ya migomba, na majani yanavunwa tambarare, pande za Kahe na Boma Ng'ombe, yanapandishwa huku na pikapu. Wengi wanadhani ng'ombe wa bandani hapati kupe. Anapata, kupe hupanda mlima pamoja na majani, na yule wa kahawia anayependa masikio ndiye anayeeneza ndigana kali, homa inayoua ng'ombe. Kupe huyo hung'ang'ania ngozini siku kadhaa kabla vimelea havijapevuka na kumwingia ng'ombe, kwa hiyo anayekagua masikio kila siku na kunyunyizia dawa kila wiki, kwa kipimo kilichoandikwa kwenye chupa, anamwahi. Hayo tumefundishwa na mhudumu, nyumba kwa nyumba.

Masika ya mwaka jana, wakati wa Pasaka, mtamba wangu mwenye mimba alikataa kula. Alikuwa na homa, machozi yanamtiririka, anahema kwa shida. Ofisi zimefungwa kwa sikukuu, na simu ya mtaalamu niliyempigia iliita mpaka ikakatika. Jirani akashauri nimnyweshe magadi. Mhudumu alikuja usiku huohuo kwenye mvua, na tochi mkononi, akampima joto, akapapasa tezi za chini ya sikio na za mbele ya bega, akanishika mkono nizipapase mwenyewe zilivyovimba. Hakukurupuka kuchoma dawa. Alihangaika na simu mpaka akampata daktari wa mifugo, akamweleza joto, tezi na miezi ya mimba, akaelekezwa dawa gani na kiasi gani, kwa sababu dawa ya ndigana husaidia ikiwahi. Povu likishatoka puani mara nyingi umechelewa. Asubuhi daktari akafika mwenyewe. Mtamba akapona na baadaye akazaa ndama jike. Lakini alichofanya mhudumu baada ya hapo ndicho ninachotaka mkichape. Aliniuliza majani nimenunua kwa nani na lini. Akamtafuta dereva wa pikapu, akapata nyumba zote zilizoshushiwa majani kutoka shamba lile, akazipitia moja moja, akikagua masikio na kusimamia unyunyiziaji. Nyumba mbili alikuta ndama wameshavimba tezi na wenyewe hawana habari, wakatibiwa mapema, wote wazima mpaka leo. Mhariri, mzunguko ule nani angeufanya kama tungemsubiri mtu wa kutoka wilayani? Hakulipwa hata shilingi. Nauli ya bodaboda ilitoka mfukoni mwake. Na huyo ndiye mnamwita kishoka!

Njooni kwenye kuku. Chupa moja ya chanjo ya mdondo, ule ugonjwa unaofagia kuku, ina dozi nyingi kuliko kuku wa nyumba moja, mama mwenye kuku wanane hawezi kuinunua peke yake. Mhudumu huandikisha kuku wa kitongoji kizima, anakusanya mchango, anapita alfajiri kuku hawajatoka bandani, tone moja jichoni, na baada ya miezi mitatu anarudi tena. Ugonjwa ukishaingia chanjo haisaidii kitu. Chanjo ya ndigana nayo huhitaji mifugo ya watu wengi kwa pamoja: inatunzwa ndani ya naitrojeni ya kimiminika, gesi iliyopozwa mpaka ikawa kama maji, nyuzi joto 196 chini ya sifuri, na ikishayeyushwa inatakiwa iishe ndani ya saa chache, kwa hiyo lazima ng'ombe wakusanywe wengi kwa siku moja. Wenzetu wa Longido, Monduli na Ngorongoro wanachanja ndama zao miaka mingi sasa. Huku milimani, penye ng'ombe wawili kila boma, nani atawakusanya kama si anayezijua nyumba zote?

Mwandishi wenu angeuliza pia sotoka ya ng'ombe, ile tauni iliyokuwa ikiteketeza mifugo, iliishaje. Ilitangazwa kutokomezwa duniani mwaka 2011, na maeneo magumu ya mwisho, kama Karamoja ya Uganda na Afar ya Ethiopia, yalifikiwa na wafugaji wenyewe waliofundishwa kuchanja, wakibeba kwa miguu chanjo inayostahimili joto. Homa ya Bonde la Ufa ya mwaka 2007 ilianza kuonekana Ngorongoro kwenye mifugo, kisha ikaua zaidi ya watu 100 nchini. Mwaka uliofuata sotoka ya mbuzi na kondoo ikathibitishwa hukohuko Ngorongoro. Magonjwa haya huonekana kwanza na mtu aliye zizini.

Na kama mnawatafuta vishoka kwa dhati, nendeni kwenye baadhi ya maduka ya dawa za mifugo. Mtu anaingia, anataja dawa, anauziwa chupa na sindano bila kuulizwa mnyama anaumwa nini. Anachoma nusu dozi ili chupa idumu, vijidudu vinazoea dawa, kesho yake anakamua na maziwa yanateremshwa mjini Moshi kwenye chai za watoto. Siku za kusubiri kabla ya kutumia maziwa ya ng'ombe aliyetibiwa zimeandikwa kwenye karatasi iliyomo ndani ya boksi, na karatasi inatupwa. Hilo halijawahi kupata hata robo ukurasa kwenu.

Ninachopendekeza kinawezekana. Halmashauri zitenge shilingi 500 kutoka ushuru wa kila ng'ombe anayeuzwa mnadani, fedha hizo zinunue kipimajoto, bomba la kunyunyizia, kasha la barafu na buti kwa kila mhudumu, na zinazobaki ziwe nauli yake. Awe na daftari, na bwana mifugo alisaini kila Alhamisi ya kwanza ya mwezi. Picha yake na namba yake ya simu zibandikwe kwenye ubao wa matangazo wa kijiji, ili tapeli akija ajulikane siku hiyohiyo. Nanyi mleteni mwandishi wenu Kibosho siku ya chanjo ya kuku, afike saa kumi na moja alfajiri, kisha masahihisho yachapwe ukurasa uleule, kwa herufi za ukubwa uleule.

Mfugaji wa ng'ombe wa maziwa,
Kibosho, Moshi