Salamu za Shukrani: Mama Yetu, Bibi Yetu, Fundi Wetu

Familia ya marehemu mama yetu mpendwa inapenda kutoa shukrani za dhati kwenu nyote mliokuwa nasi tangu alipoanza kuugua hadi tulipomlaza katika nyumba yake ya milele. Ametutoka akiwa na miaka 76, ameacha watoto 5, wajukuu 13 na vitukuu 2. Wadogo zangu wameniomba niandike mimi, binti yake wa kwanza, kwa kuwa ndimi niliyekuwa nikimtungia uzi kwenye sindano macho yake yalipoanza kuchoka.

Tuanze na wauguzi na madaktari wa kitengo cha kusafisha damu. Mama aliishi na shinikizo la damu miaka mingi, mwishowe figo zikashindwa kazi. Kwa miaka 3 alikuwa akienda kwenye mashine mara 3 kwa wiki, karibu saa 4 kila anapolala pale. Aliyeuguza mgonjwa wa namna hiyo anajua anavyotoka amelegea, hana nguvu hata ya kuinama. Kuna muuguzi mmoja aliyekuwa akipiga magoti kumvalisha viatu kila anapomaliza, bila kuombwa. Dada yetu, tulikuwa tunakuona. Mungu akulipe.

Mliokuwa mkiamka alfajiri kumpeleka na kumrudisha kwa magari yenu, asanteni sana. Na siku damu yake iliposhuka, watu 6 walijitokeza asubuhi ileile kumchangia, wawili kati yao hatuwajui hadi leo. Popote mlipo, mlimwongezea Mama siku za kukaa na wajukuu wake, na siku hizo alizitumia vizuri.

Maana Mama hakuwa mtu wa kukaa bure. Alitulea kwa cherehani, na hata alipofika miaka 70 bado alikuwa akipandisha ngazi na furushi la vitambaa begani. Mkono wenye sindano za mashine hautakiwi kutikisika, kwa hiyo kitandani pale asingeweza kushona. Basi akawa anafundisha kwa mdomo. Mjukuu wake wa tatu alikaa kando ya kitanda na vipande vya kitambaa mapajani, Bibi akimwelekeza kwa mkono mmoja uliobaki huru: fuata chaki, usifuate jicho, kwenye sare acha pindo la vidole vinne, mtoto anakua. Hilo la pindo alilisema tangu sisi tukiwa wadogo. Sare zake zilifumuliwa na kushushwa mwaka hadi mwaka, na wengi wenu mnaosoma hapa mmemaliza shule na sketi au suruali ileile.

Baada ya mazishi tulifungua daftari lake la vipimo. Bega, kifua, kiuno, urefu, kila mtu na ukurasa wake. Wangu unaanza na gauni la darasa la kwanza na unaishia na gauni la harusi. Wa mwisho ni wa kitukuu, vipimo vidogo hadi vinatia huruma kuvisoma. Kando ya majina Mama aliandika kwa kalamu nyekundu: amelipa, au bado. Utotoni mimi ndiye niliyekuwa nikitumwa kwenda kudai, nikifuata daftari hilo, na kuna nyumba ambazo sikuwahi kutumwa hata siku moja. Mlipokuja kutupa pole, watu wa nyumba hizo mlitueleza kwa machozi kwamba hamkuwahi kumlipa hata senti, na kwamba yeye mwenyewe aliwaambia mpeleke watoto shule kwanza. Daftari limeandika kila mmoja wenu: amelipa. Kumbe alikuwa anawasitiri hata kwetu sisi watoto wake. Asanteni kwa kutuambia. Mmetupa kitu ambacho tusingekipata kwingine.

Tunawashukuru viongozi wa dini kwa sala na maneno ya faraja, wanakwaya, majirani mliopika, mliochota maji na kukesha nasi, mliowachukua watoto wetu wadogo wakalale kwenu, ndugu mliosafiri kutoka mbali, na wote mliotuma rambirambi na kupiga simu. Si rahisi kumtaja kila mmoja. Tunaomba kila aliyeshiriki kwa hali na mali apokee shukrani hizi kana kwamba ametajwa kwa jina.

Jambo moja limebaki. Mama alipolazwa mara ya mwisho, kulikuwa na nguo 9 za watu kabatini, zimekatwa lakini hazijashonwa. Mjukuu wake wa tatu amemaliza 6, na 3 zilizobaki yuko nazo mezani. Sare zote zimeachwa pindo la vidole vinne. Zilizokwisha zimepigwa pasi na kukunjwa, kila moja na karatasi ya jina kwa mwandiko wa Mama. Tunaomba wenyewe mje nyumbani mzichukue, jioni yoyote. Msije na pesa. Tumeangalia daftari, na wote 9 mmelipa.