Mdogo wangu, sikuogopa kupitwa nawe

Mdogo wangu,

Salamu zangu za Idi umezisoma, tiki mbili za buluu nimeziona, jibu sijalipata. Mama anasema nikuache, eti una hasira za marehemu Baba, zitashuka zenyewe. Mimi sina subira hiyo. Nakuandikia hapa, na atakayesoma asome.

Tuyazungumze yale uliyoyasema barazani Idi Pili, kabla hujarudi Ujerumani. Ami aliuliza kwa furaha tu ni nani aliyekufungulia njia ya kuandika programu za kompyuta. Ukanitazama machoni, sinia la mahamri liko mkononi mwangu, ukasema: "Dada alinifunga. Nilitaka lugha ya Haskell, akanilazimisha Python. Aliogopa nitampita." Ami akacheka akidhani ni mzaha. Mama hakucheka. Nililiweka sinia chini nikaingia jikoni, na mpaka leo sijui wageni waliagwa na nani.

Nikuogope wewe? Mimi niliyekuwa nikikuachia laptopu yangu ya kazi kila usiku, nikingoja umalize ndipo niandike ripoti za mizigo ya bandarini?

Haskell sijawahi kuisema vibaya. Ni lugha nzuri, ilitoka 1990 mikononi mwa wasomi. Thamani ukishaiweka haibadiliki, na badala ya kitanzi cha kurudia amri unaandika fanksheni, kipande cha programu kinachojiita chenyewe. Ulikuwa ukisema kwamba anayeanza hajazoea chochote, basi kwake hakuna lugha ngeni. Ukanitajia MIT, chuo kikuu cha teknolojia kule Marekani, waliowaanzisha wanafunzi wao kwa Scheme, lugha ya mtindo wa karibu na Haskell, zaidi ya miaka 20 kabla ya kuhamia Python. Kweli kabisa. Lakini wale walikuwa na mwalimu mbele yao, wasaidizi maabara, na darasa zima limekwama walipokwama wao. Wewe ulikuwa na bando la siku moja na mimi dadako, na Haskell mimi nilikuwa siijui.

Umeisahau ile programu ya madeni ya wateja wa Mama? Ulitaka kuunganisha neno "Jumla" na hesabu yenyewe, ikakugomea, ikakurushia mistari juu ya aina za data, kwamba neno na namba haviungani hivyo. Ukatafuta jibu mtandaoni hadi bando likakata. Ulichokipata kiliandikwa na wajuzi wakijibizana wao kwa wao. Python nayo ingekugomea papo hapo. Ila kosa lile la Python, kijana yeyote wa chuo kikuu pale Tudor angekuonyesha bila hata kuketi. Ulilia usiku ule, mdogo wangu. Nilikuona.

Chuoni kwa maalim tulisoma kwa sauti, aliyekwama alimsikia wa ubavuni mwake akaendelea. Wanaoanza huifuata Python kwa sababu hiyo hiyo: hapo ndipo penye watu, vitabu na kazi za kuombwa. Mtu akiwa peke yake hajui kama tatizo ni lugha au ni yeye, na wengi huamua ni wao, wakaacha moja kwa moja. Hilo ndilo nililoliogopa.

Leo unaandika Erlang, na nimewatangazia majirani wote. Lugha iliyozaliwa Ericsson, kampuni ya simu ya Uswidi, miaka ya 1980 kwa ajili ya mitambo ya simu, na mitambo ya WhatsApp imejengwa kwayo. Hata salamu yangu usiyoijibu imepita humo. Lakini kampuni yako ilikuajiri kwa Python ile ile, ndipo ikakuketisha na mtu wa kukufunza Erlang. Ungeingilia mlango gani mwingine? Niambie, nakuuliza kwa dhati.

Sasa mtoto wa dada yetu amemaliza shule, ananiuliza aanze na lugha gani. Nimemwambia akuulize wewe. Ukiwa utakaa naye kwenye simu kila jioni, akikwama akupate, mfunze Haskell, mfunze hata Prolog, sitatia neno. Ukiwa utamtumia video mbili halafu unyamaze kama ulivyoninyamazia mimi, niachie nimuanzishe Python. Atakupigia Jumamosi baada ya magharibi. Mpokee.

Dadako