Barua kwa Wazazi: Kufunga Muhula wa Pili

Kwa wazazi na walezi wote,

Salamu kutoka shuleni. Watoto wamebeba ripoti zao wenyewe. Zisomeni, mtie sahihi. Tarehe ya kufungua imo humo humo.

Binti yetu wa Kidato cha Tatu amerudi salama kutoka Uholanzi, alikokwenda kujifunza jinsi uchumi wa wenzetu unavyoendeshwa. Wengi wenu mnamjua mama yake, hufunga mashada ya waridi katika shamba moja hapa kando ya Ziwa Naivasha. Sasa mtoto amefika Aalsmeer, kwenye soko ambako maua ya Naivasha hupigwa mnada. Alituhadithia gwarideni hadi kengele ikasahauliwa. Mnada wa ng'ombe tunaoujua, bei hupanda. Kule kuna saa kubwa, bei inaanza juu na kushuka, na wa kwanza kubonyeza kitufe ndiye mnunuzi. Ukiharakisha umelipa ghali. Ukingoja mno, mwenzako kachukua. Siku hizi wanunuzi wengi hata sokoni hawafiki, wanabonyeza kwenye kompyuta zao. Na soko lenyewe ni ushirika, wenye mali ni wakulima. Mwalimu wa Biashara amefundisha mahitaji na ugavi miaka mingi, lakini siku hiyo hakuna aliyesinzia.

Alisema pia kwamba uwanja wa ndege wa Schiphol, yanakotua maua yetu, umejengwa palipokuwa ziwa. Walilikausha mwaka 1852. Watoto wa mtaa wa Kihoto, ambao ziwa letu limewafuata hadi sebuleni, waliuliza maswali mengi kuliko wote. Tena kule chupa ndogo tupu ya soda ukiirudisha dukani, mashine inaimeza na kukurudishia senti 15 za Euro ulizotozwa uliponunua. Zetu zinaziba mitaro. Hongera binti, hongera mama.

Sasa lililonikera. Kwenye kundi la wazazi la WhatsApp kuna aliyeandika kwamba karo ndiyo iliyompeleka mtoto Ulaya. Si kweli. Nauli na malazi vililipwa na wafadhili. Pasipoti na viza ni jasho la familia na harambee ya majirani wa Karagita. Shule ilitoa barua tu. Hesabu ziko kwa mhasibu, njooni mzione. Nami nimetazama daftari: aliyeandika hayo hajalipa hata shilingi tangu Januari.

Wala hayuko peke yake. Karo si waridi la Aalsmeer, haishuki kadiri unavyongoja. Mwenye shida ya kweli aje tuzungumze. Wapo walioleta mahindi na maharagwe, tukayakata kwenye deni, na heshima yao iko palepale. Ninayemsema ni yule anayezima simu akiona nambari ya shule, kisha Jumamosi tunamkuta harusini akitangaza mchango wake kwa kipaza sauti. Aliyetuuzia unga naye ana watoto. Mwenye deni asilete mtoto siku ya kufungua bila angalau nusu yake. Ikishindikana, aje mzazi mwenyewe. Si barua, si shangazi, si mtu wa bodaboda.

Waliochelewa kurudi baada ya mapumziko ya katikati ya muhula: mmeonywa.

Sare na nywele ni kama kawaida. Malipo ni benki au M-Pesa; mtoto asipewe pesa mkononi.

Wenu,
Mwalimu Mkuu